Bunduki ya Guka: Tuiweke, Tuitumie au Tuiuze?

 Katika kurasa za jarida letu tumezoea kubishana kuhusu sare, chakula cha bwenini na kama mwalimu ni bora kuliko daktari. Leo nawaletea mjadala wa aina nyingine. Huu umeigawanya familia yetu kule Riruta kiasi kwamba kuna watu wazima ambao siku hizi hawapokeleani simu. Swali lenyewe ni hili: mtu akirithi bunduki ya kale, tena ya aina ambayo matajiri huikusanya kama watu wengine wanavyokusanya stempu, aiweke, aitumie au aiuze?

Najua wengine wameshaanza kucheka: "Bunduki, Riruta? Huyu ametazama sinema nyingi." Hebu ngojeni niwaeleze.

Bunduki yenyewe ni ya kuwindia, iliyotengenezwa na kampuni ya Rigby ya London, kipimo cha .275. Ina kitako cha mti na komeo la kuvuta kwa mkono: unavuta, unasukuma, risasi moja inaingia. Marehemu Guka, babake baba, aliibeba kuanzia mwaka 1961 hadi 1977. Nasema aliibeba, sisemi aliipiga. Ilikuwa mali ya mzungu mmoja wa Karen aliyewaongoza wageni mawindoni, na Guka alikuwa mbeba bunduki na mfuata nyayo wake. Mei 1977 serikali ilipopiga marufuku uwindaji nchini, kazi hiyo ilikufa kwa siku moja. Mwaka uliofuata biashara ya pembe na ngozi za wanyama nayo ikapigwa marufuku. Mzungu akafunga virago akaenda zake. Kabla ya kuondoka alipitia njia za kisheria akamwachia Guka ile bunduki, na leseni ikaandikwa kwa jina la Guka. Baba husema bunduki ile ilitolewa mahali pa kiinua mgongo ambacho Guka hakulipwa. Guka mwenyewe hakuwahi kusema hivyo. Yeye alisema ilikuwa shukrani.

Guka alifariki mwaka jana, na leseni ikafa naye. Wenzangu, leseni ya bunduki si shamba, hairithiwi. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, hairuhusu mtu kukaa na bunduki bila cheti chenye jina lake mwenyewe. Kwa hivyo baba na amu waliipeleka kituo cha polisi, ikaandikwa kitabuni na kufungiwa ghalani. Huko ndiko iliko hadi sasa, ikingoja sisi tuamue. Baba amesema kila mtu katika familia atatoa maoni yake, hata sisi wajukuu. Mkutano ni Disemba. Mimi nimeona nianzie kwenu.

Wa kwanza kusema alikuwa amu, ndugu mdogo wa baba. Yeye anataka tuiweke, na methali yake ni moja: mwacha mila ni mtumwa. Naomba msiidharau hoja yake, kwa maana ina uzito. Amu anatukumbusha kwamba hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, Mkikuyu aliyekamatwa na risasi moja mfukoni angeweza kunyongwa. Watu 1,090 walinyongwa na serikali ya kikoloni wakati wa vita vya Mau Mau, na wengi wao hawakushtakiwa kwa kuua mtu. Dedan Kimathi mwenyewe, aliyekamatwa tarehe 21 Oktoba 1956 na kunyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957, alihukumiwa kifo kwa kosa la kupatikana na bastola na risasi zake. Nendeni mjini mkaitazame sanamu yake pale Kimathi Street inapokutana na Mama Ngina Street. Mkono mmoja umeshika bunduki, mwingine kisu. Amu anasema: kama babu zetu walinyongwa kwa sababu ya bastola, itakuwaje sisi tulioachiwa bunduki kwa njia ya halali tuitoe nje kwa mikono yetu wenyewe?

Nimeiwaza hoja hiyo usiku na mchana. Lakini kuna tofauti kubwa ambayo amu hataki kuiona. Bunduki ya Kimathi pale barabarani ni ya shaba. Haihitaji leseni, haina risasi, hakuna mwizi atakayeruka ukuta usiku kuitafuta, na hakuna mtoto atakayeichezea mama akiwa sokoni. Bunduki ya Guka ni chuma kinachofanya kazi hadi leo. Anayetaka kuiweka lazima aombe cheti chake mwenyewe na awaridhishe wakubwa kwamba ana sababu nzuri ya kuwa nayo na kwamba si hatari kwa umma. Lazima awe na sanduku la chuma la kuifungia, kisha aendelee kulipia leseni mwaka baada ya mwaka. Hata waliokuwa na leseni tayari hawakuachwa walale. Disemba 2018 serikali iliwataka raia wote wenye bunduki wakaguliwe upya katika muda wa siku 90, na Guka, mzee wa miaka 80 na mkongojo wake, alikwenda kupanga foleni kama vijana. Alirudi jioni akiwa amechoka akasema, "Hiki kitu sasa ndicho kinachonibeba mimi." Amu hakuwepo siku hiyo. Mimi nilikuwepo.

Isitoshe, amu anasema "tuiweke," lakini hasemi ni nani ataiweka. Yeye anaishi nyumba ya kupanga Kawangware, na wavulana wake watatu wanalala chumba kimoja. Baba hataki hata kuiona. Katika mkutano wa kwanza, alipoulizwa nani ataomba leseni, amu alinyamaza. Mila isiyo na mtu wa kuibeba ni mzigo tu.

Wa pili ni shangazi, dada mkubwa wa baba. Yeye anataka itumike. Ana ng'ombe wa maziwa kule Waithaka, na mara mbili wezi wamemvamia usiku. "Fimbo ya mbali haiui nyoka," anasema, "na polisi ni fimbo ya mbali." Ni nani anayeweza kumlaumu? Sote tunaoishi upande huu wa mji tunajua maana ya kulala jicho moja wazi.

Lakini hebu tuijibu hoja ya shangazi kwa kuitazama bunduki yenyewe. Ilitengenezwa ipige mnyama porini, mahali ambapo nyuma ya mnyama kuna kilima tu. Risasi yake huweza kuruka zaidi ya kilomita moja ikimkosa anayelengwa. Sasa ipigeni usiku Waithaka, nyumba zimebanana na kuta za wengine ni mabati. Risasi itapita mwizi, ipite bati la jirani, na pengine ipite kitanda cha mtoto wa jirani. Tena kila ukipiga mara moja inabidi uvute komeo upige tena, na mwizi hatakusubiri umalize. Mbaya zaidi, wezi wakijua kwamba nyumba fulani ina bunduki, hawaji tena kuiba ng'ombe. Wanakuja kuiba bunduki. Guka alilijua hilo ndiyo maana hata sisi wajukuu hatukuambiwa ilikuwa imefungiwa wapi.

Kuhusu kuwinda, habari ilikwisha mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 haikuufungua mlango huo. Kwa hivyo kazi ambayo bunduki hii ilizaliwa kuifanya haipo tena katika nchi yetu. Kuna watu wachache wanaolenga shabaha kama mchezo, lakini katika familia yetu hayupo hata mmoja wa namna hiyo, na risasi za kipimo hicho si peremende za kununuliwa kioskini.

Wa tatu ni baba. Yeye anasema tuiuze, tugawane, basi. Methali yake sitaiandika hapa, maana ilikuwa ya hasira. Baba haipendi ile bunduki. Anasema alipokuwa mdogo alimwona babake mara chache kwa mwaka, kwa sababu Guka alikuwa porini akiwabebea watu silaha.

Wenzangu, mimi nasimama upande wa baba. Naomba iuzwe. Ila nina sharti moja, na sharti hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Tuanze na kuuza kwenyewe. Bunduki haiuzwi kama mbuzi pale soko la Dagoretti. Mnunuzi lazima awe na kibali chake, mauzo yapitie kwa muuzaji aliyesajiliwa au yaidhinishwe na bodi inayotoa leseni, na kama inapelekwa nje ya nchi, kibali cha kuisafirisha kiwepo. Mtu akija usiku na bahasha nono akisema "tumalizane hapa hapa," huyo ni wa kufukuzwa. Novemba 2016 serikali ilichoma silaha haramu 5,250 kule Ngong, na moshi wake ungeweza kuonekana na majirani zetu wa Karen. Bunduki huanza maisha yake kiwandani ikiwa halali kabisa. Hupotea njia baadaye, mkono kwa mkono, bahasha kwa bahasha. Yetu isiwe mojawapo.

Sasa, bei. Kwa nini kipande cha chuma na mti kiwe na thamani kubwa kuliko kingine cha aina ile ile? Nitawapa mifano miwili.

Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alishuka Mombasa akapanda treni kuja bara kuwinda. Yeye na mwanawe waliua wanyama 512. Bunduki moja ya marisawa aliyokuja nayo, aina ya Fox, iliuzwa mnadani huko Marekani mwaka 2010 kwa dola 862,500. Je, ilipiga vizuri kuliko nyingine za Fox? La hasha. Ilikuwa na habari, na habari hiyo ilikuwa imeandikwa.

Mfano wa pili uko karibu nasi zaidi. Jim Corbett, mwindaji mashuhuri wa chui na simbamarara wala watu kule India, alihamia Nyeri mwaka 1947, akafariki huko mwaka 1955, na kaburi lake liko Nyeri hadi leo. Yeye pia alikuwa na Rigby ya .275, kipimo kile kile cha bunduki ya Guka. Alizawadiwa baada ya kumuua simbamarara jike wa Champawat mwaka 1907, ambaye alisemekana kuwa amekula watu 436, na bamba la fedha lenye maneno ya zawadi hiyo likapigiliwa kwenye kitako. Baada ya kifo chake bunduki hiyo ilibaki kwa wachapishaji wa vitabu vyake, Oxford University Press, na mwaka 2015 ikanunuliwa na Rigby wenyewe. Fikirini: kampuni inanunua tena bunduki iliyoitengeneza na kuiuza zaidi ya miaka mia moja nyuma! Chuma wanacho, fundi wanao. Walichokuwa wakinunua ni lile bamba na vile vitabu.

Bunduki ya Guka haina bamba. Ina alama mbili tu: mkwaruzo kwenye kitako, ambao Guka alisema ulifanywa na mwamba siku nyati alipowafukuza, na sehemu chini ya mtutu ambako rangi imekwisha kabisa. Nilimuuliza kwa nini imekwisha hapo tu. Alinionyesha kiganja chake. Miaka kumi na sita ya kubebwa mahali pamoja kwa mkono mmoja.

Bila maandishi, atakayeinunua ataambiwa nini? Ataambiwa: "Hii ilikuwa ya mzungu fulani, mwindaji wa Karen." Basi. Jina la aliyeimiliki litabaki na la aliyeibeba litafutika. Msidhani natia chumvi. Denys Finch Hatton, yule mwindaji rafiki wa Karen Blixen aliyewahi kumwongoza mawindoni hata mrithi wa ufalme wa Uingereza, alikufa ndege yake ilipoanguka Voi Mei 1931. Ana kaburi lenye mnara wa jiwe kwenye vilima vya Ngong, na wageni hupanda kwenda kulitazama. Ndani ya ndege ile alikufa pia mtumishi wake Mkikuyu. Vitabu vinamwita Kamau. Kamau nani? Wa kwa nani? Jamani, Kamau katika nchi hii ni wangapi?

Hapo ndipo penye sharti langu. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Sisi hutumia methali hiyo tukizungumzia duka na madeni. Mimi naiona inahusu pia urithi. Kabla bunduki haijatoka kwenye ghala la polisi kwenda kwa mnunuzi, hadithi ya Guka iandikwe yote, ipigwe chapa, iwekwe sahihi na wazee wanaomjua, na nakala moja iende pamoja na bunduki. Nakala ya pili ibaki nyumbani. Ya tatu tuombe ipokewe pale kwenye jengo la Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, lile ambalo watu wa Nairobi hulitumia kama mahali pa kukutania na wengi hawajawahi kuingia ndani.

Kazi hiyo haianzii hewani. Likizo tatu mfululizo nilikaa na Guka nikaandika aliyonisimulia. Nina madaftari mawili. Mna majina ya wenzake, Wakamba na Wawata waliomfundisha kusoma nyayo. Mna jinsi ya kujua kama unyayo wa ndovu ni wa asubuhi ama wa jana kwa kutazama umande na njia za wadudu juu ya vumbi. Mna mshahara wake wa kila mwezi, maana hakusahau hata senti. Na mna siku moja ambapo mgeni alijeruhi nyati akatupa bunduki yake akakimbia, Guka akabaki peke yake na hii ya mkononi mwake. Alipiga mara moja. Ndiyo mara pekee aliyoniambia. Picha ya nyati yule ilipopigwa, aliyesimama mbele akiwa ameweka mguu juu yake ni mgeni.

Amu alipoyasikia madaftari hayo alisema, "Karatasi haiwezi kuwa urithi." Kwa heshima zote, amu wangu, nakataa. Tukiiweka bunduki na tusiandike, wajukuu wako watarithi chuma wasichojua kilitoka wapi. Tukiiuza na tuandike, watarithi mtu.

Inabaki pesa, na hapa najua kuna mtu nyuma ya darasa ananong'ona, "Anasema iuzwe kwa sababu ya karo yake." Ndiyo. Kwani kuna aibu gani? Nina salio la karo, na dada yangu anaingia chuo mwakani. Bunduki kama yetu haitauzwa kwa bei ya ile ya Roosevelt, hata robo ya robo, na mtu asijenge ghorofa kichwani. Lakini nisikilizeni vizuri. Baba alisoma hadi kidato cha nne, shangazi naye akasomea ualimu, kwa mshahara ambao Guka aliupata kwa kuibeba hii bunduki. Yaani ilishasomesha mara moja. Guka hakuibeba kwa kuwa aliipenda, wala hakuitundika ukutani hata siku moja baada ya kuachiwa. Aliipaka mafuta, akalipia leseni, akaifungia. Kwake ilikuwa jembe. Jembe la mzee likiuzwa kwa halali ili wajukuu wasome, sioni mila iliyovunjwa hapo. Naona kazi ikimaliziwa.

Pendekezo langu la Disemba ni hili basi. Madaftari yapigwe chapa kwanza, na amu mwenyewe ndiye awe msomaji wa kwanza na msahihishaji, maana anajua mengi ambayo Guka hakuniambia. Kisha bunduki iuzwe kwa njia ya wazi, na pesa ziingie kwenye akaunti moja ya karo ya wajukuu wote, wakiwemo wavulana wa amu. Shangazi tumsaidie kuweka taa, ua imara na mbwa wawili. Naamini mbwa hao watamlinda kuliko Rigby.

Nanyi wenzangu, pengine kwenu hakuna bunduki. Lakini kuna simi chini ya kitanda, kuna kigoda, kuna cherehani ya nyanya, kuna kitambulisho cha zamani cha kipande ndani ya kopo. Likizo hii nendeni mkamuulize mwenyewe angali hai: hiki ni nini, kilifanya kazi gani, nani alikuwepo? Andikeni tarehe, andikeni majina yote mawili. Mkishaandika, muweke au muuze, shauri yenu.

Asiyekubaliana nami na alete hoja zake. Mhariri ameniahidi kwamba kuna nafasi katika toleo la mwakani, na amu tayari ameniomba kalamu.